Sauti Nzito ya Albamu ya Pili

Bibiane alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita alipokabidhiwa ufunguo wa studio moja ya Forest, kusini mwa Brussels, na hakuna aliyeshangaa kuliko yeye. Studio ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha soksi. Treni ya mizigo ilipopita nyuma ya jengo, kila mtu alinyamaza, akasubiri, kisha kazi ikaendelea. Bibiane alizaliwa Bukavu, akaja Ubelgiji kwa masomo, akasomea ufundi wa sauti katika darasa la wanaume kumi na tisa na yeye. Kwa miaka mitatu alikunja nyaya, alirekodi kwaya za makanisa na matangazo ya redio, mpaka mwenye studio, mzee Mflamandi asiyependa maneno mengi, akamwambia siku moja kwamba kuanzia Jumatatu meza ya kuchanganyia sauti ni yake.

Bendi ya kwanza kuketi mbele ya meza hiyo iliitwa Chambre Neuf, yaani chumba namba tisa. Walikuwa watu wawili tu. Constant aliimba na kupiga gitaa la besi. Élodie alipiga vinanda vya umeme na kuiongoza mashine ya ngoma. Muziki wao ulikuwa ule vijana wa Ulaya waliouita new wave: vinanda vyenye baridi, mdundo wa mashine usiochoka, na mwimbaji anayeimba kama mtu anayesoma kwa sauti barua ya kuachwa. Mwaka 1990 mtindo huo ulikuwa umeshaanza kupitwa na wakati, lakini pale Ubelgiji ulikuwa bado na wapenzi wake waaminifu, watu wa kuvaa makoti meusi hata mwezi wa Julai.

Albamu ya kwanza waliiita Carreaux froids, vigae baridi, na ndivyo ilivyosikika. Kila kitu kilikuwa chembamba na safi. Vinanda vya Élodie vilienea juu kama ukungu wa asubuhi kwenye kioo, sauti ya Constant ikapita katikati, na besi ikakaa nyuma kama mgeni ambaye bado hajaambiwa aketi. Bibiane aliipenda kazi ile. Albamu haikuuzwa sana, lakini walioinunua waliisikiliza, na jina lake Bibiane, lililoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, lilianza kutajwa na watu wa bendi nyingine.

Mwezi wa Februari mwaka 1992 alijifungua mtoto wa kike. Yeye na mumewe Rigobert, naye mtu wa Bukavu, fundi katika kiwanda cha magari palepale Forest, walimpa jina la Nsimire. Walihamia nyumba ya kupanga huko Ganshoren, mtaa wa watu wanaolala mapema na kukata ua wa bustani zao kwa mkasi. Bibiane alikaa nyumbani karibu mwaka mzima. Aliporudi studio, Chambre Neuf walikuwa wakimngoja na nyimbo kumi mpya.

Kazi hiyo ya pili ilimpa taabu ambayo hakuielewa. Kila alipojaribu kuupanga wimbo, aliona chini hakuna kitu. Ni kama nyumba iliyojengwa bila msingi. Akaiinua besi ya Constant, akasikiliza, akaiinua tena. Akauongezea uzito mdundo wa mashine. Sindano za vipimo zililala upande wa rangi nyekundu, ule wa sauti iliyozidi, naye akadhani vipimo vimechakaa. Élodie aliuliza mara moja, kwa upole, kama besi haijazidi. Bibiane alisikiliza upya kwa makini, akamjibu kwa uaminifu wote kwamba sasa ndiyo imekaa sawa. Constant yeye alikuwa amefumba macho na kutabasamu. Hakuna mpiga besi aliyewahi kulalamika kwamba anasikika mno. Hata fundi wa kiwanda cha kutengeneza diski alipopiga simu kuuliza kama wana hakika na uzito ule, Constant ndiye aliyemjibu kwamba wana hakika.

Albamu hiyo, Sous le trottoir, chini ya njia ya miguu, ilitoka vuli ya mwaka 1993, na ikawashangaza watu. Ile baridi nyembamba ilikuwa imekwenda. Badala yake kulikuwa na ngurumo nzito, ya karibu, kama mashine inayofanya kazi chini ya sakafu ya nyumba yako, na vinanda vilisikika kwa mbali sana juu yake. Waandishi waliipokea kwa sifa. Mmoja aliandika kwamba Chambre Neuf wamethubutu kushuka gizani wakati wenzao wanatafuta jua. Mwingine aliandika kwamba fundi wao kutoka Zaire amewaletea ngoma za msituni. Bibiane, ambaye muziki wa utoto wake ulikuwa kinanda cha parokia na nyimbo za Kilatini, aliukunja ukurasa ule akautia ndani ya droo. Hata hivyo sifa ni sifa. Bendi nyingine zilianza kuja na kumwomba sauti ileile.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri, na yalikuwa mabaya kwa namna ambayo haina jina. Hapakuwa na ugomvi. Rigobert alikuwa mtu wa sauti nzito na ya chini, na polepole aliacha kuitumia. Alirudi kutoka kiwandani, akala, akacheza na mtoto, akasoma gazeti. Bibiane alifikiri amechoka na kazi. Mwenyewe pia alijiona amebadilika: watu wa kanisani walimwambia anaongea kwa sauti ndogo kama mtu anayeficha siri, na yeye alijisikia anaongea kwa nguvu. Kulikuwa na jambo jingine la ajabu. Ndani ya tramu, katikati ya kelele za magurudumu na watu, alielewana vizuri na kila mtu. Jikoni kwake, penye utulivu, maneno yalimpita.

Halafu kiongozi wa kwaya moja akaurudisha mkanda wake, akiuliza kwa adabu kama kuna lori limepita kanisani siku ya kurekodi. Bibiane hakuwa amesikia ngurumo yoyote, na hapo ndipo alipoanza kuogopa. Hakumwambia mtu. Alianza kufika studio saa moja kabla ya wengine, akawasha ala moja moja na kujisikiliza, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Jumapili moja ya Aprili mwaka 1995, baada ya chakula cha mchana, Rigobert alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwa mkewe. Bibiane alikuwa mezani akimmenyea mtoto chungwa. Mtoto akasema kitu kwa sauti nyembamba, na Bibiane akamjibu papo hapo. Rigobert aligeuka akawatazama wote wawili kwa muda mrefu. Kisha akaja, akaketi mbele ya mkewe, akamwangalia usoni.

"Mama Nsimire, nimekuuliza kitu mara tatu," alisema. "Mara tatu, hapa hapa nyumbani. Mutoto anasema kidogo tu, unamujibu. Mimi, hapana."

"Uliniuliza saa ngapi?"

"Sasa hivi. Na jana. Na mwaka muzima." Akalitazama chungwa mkononi mwa mkewe. "Mimi nilifikiri umenichoka. Bon, nikasema, kama amenichoka, niache kumusumbua."

Bibiane aliliweka chungwa chini. Alimwambia kwamba hakusikia neno hata moja. Kwamba alidhani yeye ndiye aliyenyamaza. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akamweleza yote: kuhusu kwaya, kuhusu sindano zilizolala kwenye nyekundu, kuhusu asubuhi zake za kujipima peke yake. Rigobert alisikiliza bila kumkatiza. Mke alipomaliza, mume alifunika uso kwa mikono miwili, na Bibiane alihangaika akidhani analia. Alikuwa akicheka, kicheko cha mtu aliyebeba gunia kutwa nzima kisha akaambiwa alitue.

"Donc kumbe ni masikio," alisema. "Masikio tu."

"Masikio ndio kazi yangu, Baba Nsimire."

"Minajua. Lakini masikio iko na munganga wake."

Pale kiwandani, alimweleza, kila mwaka wafanyakazi waliingizwa ndani ya kibanda kidogo, wakavishwa visikilizio, wakabonyeza kitufe kila waliposikia mlio. Siku mbili baadaye Bibiane alikuwa ndani ya kibanda kama hicho kwenye kliniki moja ya Etterbeek, akibonyeza kitufe. Milio ya juu aliisikia. Ile ya chini ilipoanza, alikaa na kidole juu ya kitufe akingoja, na kupitia dirisha dogo aliona mkono wa daktari ukiendelea kuandika ingawa yeye hakuwa amesikia chochote.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu wa Liège, mwenye desturi ya kuchora kila alichokisema. Alichora mifupa mitatu ya ndani ya sikio. Ule wa mwisho, alisema, ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini, na kazi yake ni kutikisika. Wa Bibiane ulikuwa umeanza kuganda mahali pake. Ugonjwa huo mara nyingi hukimbia mbio mwanamke anapobeba mimba, na kwa kawaida huanza kula sauti za chini. Ndiyo maana sauti ya mumewe imepotea na ya mtoto imebaki. Ndiyo maana anasikia vizuri kwenye kelele, kwa kuwa watu wenyewe hupaza sauti. Ndiyo maana anaongea kwa sauti ndogo, kwa kuwa sauti yake mwenyewe inamjaa kichwani.

Bibiane aliuliza swali moja tu, kama neva imekufa. Daktari alitikisa kichwa. Neva ilikuwa nzima. Mfupa ungeweza kutolewa na mahali pake pakawekwa kijiti chembamba kama unywele mnene. Sikio moja kwanza, la pili mwaka unaofuata. Hatari ilikuwepo, na daktari hakuificha: katika watu mia, mmoja hulipoteza kabisa sikio lililopasuliwa.

Bibiane alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za kliniki. Kwa miezi mingi alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Mmoja katika mia ilikuwa namba ambayo mtu angeweza kulala nayo.

Akiwa kwenye tramu ya kurudi ndipo albamu ya pili ilipomjia. Aliiona yote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa. Besi ile, ile ngurumo ya chini ya sakafu iliyosifiwa magazetini, haikuwa ujasiri wa mtu yeyote. Alikuwa amejaza shimo lililokuwa ndani ya sikio lake. Na wiki ya kwanza ya Septemba Chambre Neuf walikuwa wanarudi kurekodi albamu ya tatu, na Constant alikuwa ameshasema wazi anataka sauti ileile, izidi.

Upasuaji ulifanyika Juni, sikio la kulia. Hakulazwa usingizi mzito. Alitiwa ganzi na dawa ya kumtuliza, akawa anasikia vyuma vikigusana mbali, kama vyombo katika nyumba ya jirani. Halafu kukawa na kimya, na katika kimya kile sauti ya mtu ikasema, kwa mnong'ono, karibu kabisa, "Bibi, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya daktari, nayo ilikuwa na kifua, ilikuwa na uzito ambao Bibiane hakujua kwamba daktari yule anao. Alijibu ndiyo. Daktari akasema neno jingine kwa chini zaidi, na Bibiane akalirudia. Machozi yakamtiririka kuelekea kwenye sikio la pili, na muuguzi akayafuta kwa kitambaa bila kuuliza.

Wakaliziba sikio kwa pamba yenye dawa, na kwa siku nane alitembea akishika kuta kwa kizunguzungu, amekatazwa kupenga kamasi wala kubeba mtoto. Pamba ilipotolewa, alipata dunia iliyojaa vitu. Friji yao iliunguruma. Lifti ya jengo ilikuwa na sauti. Rigobert aliingia kutoka kazini akamsalimia, naye alimwomba aendelee kusema, aseme chochote kile, asome hata karatasi ya matangazo ya duka. Mume akasimama katikati ya chumba na koti lake mwilini, akasoma bei za nyama na za sabuni kwa Kifaransa, akazidi kuiburuza sauti yake kama padri, mpaka Nsimire akaja kutazama wazazi wake wanafanya nini.

Mwezi mmoja baadaye aliweka Sous le trottoir kwenye mashine ya studio, akiwa peke yake, asubuhi. Hakufika mwisho wa wimbo wa tatu. Besi ilitanda juu ya kila kitu kama tope. Chini yake, ukitega sikio, kulikuwa na vinanda vya Élodie, vinafanya kazi nzuri ajabu, mistari miwili inayojibizana kama ndege wa miti miwili, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuisikia. Yeye Bibiane ndiye aliyeifukia.

Angeweza kunyamaza. Aliliwaza hilo, na alimwambia Rigobert kwamba analiwaza. Rigobert alimjibu tu kwamba wao wawili wameshaona mwaka mmoja wa kunyamaza unafanana na nini.

Siku ya kwanza ya Septemba, Constant na Élodie walipokuja, aliwaomba waketi kabla ya kufungua masanduku ya ala. Aliwaeleza kwa ufupi, kama alivyojizoeza: mfupa, mimba, kibanda cha kupimia, upasuaji. Kisha akasema neno ambalo lilikuwa gumu.

"Sauti ya albamu ile sikuichagua. Nilikuwa sisikii besi, nikaendelea kuipandisha mpaka nikaisikia. Ninyi mlisikia kitu kingine kabisa."

Constant alizitazama zile sindano za vipimo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano na nywele zilizoanza kupungua, na uso wake ulionekana ghafla mchovu. "Kwa hiyo kazi yetu bora," alisema hatimaye, "ilikuwa ugonjwa." Akainuka, akachukua koti lake, akateremka ngazi. Walisikia mlango wa chini ukifungwa. Bibiane aliusikia vizuri kabisa.

Alimgeukia Élodie, akitegemea kuona hasira. Élodie alikuwa amekaa na viganja juu ya magoti. Aliuliza kama vinanda vyake bado vimo ndani ya mikanda ya awali, kila ala peke yake, kabla ya kuchanganywa. Bibiane akasema vimo. Akautoa mkanda, akaufunga kwenye mashine, akaifunga njia ya besi na njia ya ngoma, akaacha vinanda peke yake. Wakasikiliza wimbo mzima.

"Nilidhani mmeniweka nyuma kwa sababu nilipiga vibaya," Élodie alisema. "Kwa miaka miwili nimedhani hivyo. Nilikuja leo kuwaambia kwamba hii ni albamu yangu ya mwisho."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza. Ukasema imekaa sawa. Nani angebishana na masikio yako?"

Bibiane alimwomba radhi. Élodie alitikisa kichwa, akauliza kama wanaweza kuusikiliza wimbo unaofuata. Walikuwa kwenye wa nne Constant aliporudi, nywele zimelowa mvua, na mfuko wa karatasi wa mikate ya siagi mkononi. Alisimama mlangoni akisikiliza. Hakuna aliyeisimamisha mashine. Wimbo ulipoisha aliuliza ile mistari miwili imetoka wapi, na Élodie akamwambia ilikuwepo siku zote. Constant akaketi, akagawa mikate, na baada ya muda akasema kwamba kule barabarani alikuwa amejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipiga besi akiwasikiliza wengine, na hakukumbuka.

Albamu ya tatu iliwachukua wiki saba. Haikurudi kwenye vigae baridi vya kwanza. Bibiane hakutaka hivyo, na wenyewe pia walikuwa wameshakua. Besi ilipewa kiti chake na ikakaa. Vinanda vilikuja mbele, na Constant, aliyekosa mahali pa kujificha, alilazimika kuimba kweli, kwa sauti ya karibu, ya mtu anayeongea mezani. Kuhusu wimbo mmoja tu alishikilia kwamba uwe na uzito wa zamani. Bibiane alimpa, safari hii akizitazama sindano na akijua anachofanya, na ukawa mzuri kuliko vyote vya albamu ya pili. Hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kukiri. Nao wakaiita albamu Fenêtre côté cour, dirisha la upande wa uani.

Ilitoka Februari 1996. Mwandishi yuleyule aliyesifia giza aliandika kwamba bendi imepoteza ujasiri wake. Mwingine, wa gazeti dogo la Namur, aliandika kwamba kwa mara ya kwanza amegundua Chambre Neuf wana mpiga vinanda. Élodie aliukata ukurasa huo, akaubandika ndani ya sanduku la kinanda chake. Mauzo yalikuwa ya wastani. Wale wa makoti meusi waligawanyika, na kwenye maonyesho baadhi yao walimfuata Bibiane penye meza yake ya sauti kumwuliza kwa huzuni kwa nini sauti imebadilika. Aliwajibu kwa upole kwamba alikuwa mgonjwa, na sasa amepona. Wengi walidhani ni mzaha.

Mwezi wa Machi sikio la kushoto lilipasuliwa nalo, na daktari wa Liège akaridhika nalo pia. Bibiane alipewa wiki sita za mapumziko. Katika wiki ya tatu, bila ruhusa ya mtu, alimchukua Nsimire wakapanda treni mpaka Ostende, kando ya bahari, wakaketi juu ya mchanga wa baridi wakila viazi vya kukaanga kutoka kwenye karatasi, upepo ukiwavuruga nywele. Mtoto aliuliza kila kitu kinachosikika ni nini, naye Bibiane akamtajia kimoja kimoja.